Thao 160 Zilibaki: Vile Densiti Ilimwokoa Anko Wangu na Dhahabu Feki Namboboto

Leo hatubongi kuhusu nani ameachana na nani. Leo ni fizikia, na kabla uhepe, skiza hii stori kwanza kwa sababu ina chapaa ndani.

Mwezi wa nane nilienda shags, Namboboto, huko Samia, kaunti ya Busia. Jioni ya Alhamisi anko wangu akaniita kwa nyumba, akafunga mlango, akatoa leso mfukoni. Akaifungua polepole kama mtu anafungua maiti. Ndani kulikuwa na kipande cha kitu cha manjano, saizi ya limau ndogo, kinang'aa mbaya.

"Hebu shika," akaniambia. "Sikia vile ni nzito."

Nikashika. Manze, ilikuwa nzito kweli.

Kuna jamaa alikuwa amemletea, akidai imetoka machimboni upande wa Uganda. Bei: thao 180. Anko alikuwa ashatoa thao 20 za kushikilia mzigo, na thao 160 zilikuwa za kulipwa Jumamosi. Hiyo pesa ilitoka kwa ng'ombe watatu waliouzwa, na ilikuwa karo ya binamu yangu aliyekuwa anaripoti kozi ya uuguzi mwezi wa tisa. Anko alipiga hesabu kwamba atauza dhahabu Nairobi, karo irudi, na zingine abaki nazo.

Usimcheke. Stori ya dhahabu hapa si ya kutoka hewani. Ng'ambo ya mpaka, wilaya ya Busia ya Uganda, watu wanachimba Tiira mpaka leo. Huku kwetu, Kakamega ilijaa wazungu wa kutafuta dhahabu miaka ya 1930. Mkora mzuri hukuuzia uongo ulioegemea kwa ukweli.

Mimi nilisare chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kwetu hakuna mtu huniuliza maswali ya masomo. Lakini kuna kitu kimoja mode wetu wa fizikia alitugongea kichwani mpaka kikakwama: nzito si jibu. Swali ni, nzito kulingana na saizi gani?

Densiti ni nini hasa?

Chukua gorogoro moja ujaze unga wa ugali. Chukua nyingine ya saizi hiyo hiyo ujaze maharagwe. Beba zote. Nafasi ni ile ile, lakini ya maharagwe inakuvuta mkono zaidi. Hapo ndipo densiti ilipo: ni uzito kiasi gani umeshindiliwa ndani ya nafasi fulani.

Fomyula ni rahisi kuliko hesabu ya kugawana bili:

Densiti = uzito ÷ ujazo

Uzito pima kwa gramu. Ujazo, yaani nafasi ambayo kitu kinachukua, pima kwa mililita. Maji ndiyo kipimo cha kuanzia: mililita moja ya maji ina gramu moja, kwa hivyo densiti yake ni 1. Kitu kikiwa chini ya 1 kitaelea juu ya maji, kikizidi 1 kitazama.

Hizi hapa ni za kuweka kwa kichwa, zote gramu kwa kila mililita:

- Mafuta ya taa: 0.8 hivi
- Mafuta ya kupikia: 0.92
- Maji: 1
- Maziwa ya ng'ombe: 1.03
- Mawe ya kawaida na mchanga: 2.6 hivi
- Chuma: 7.9
- Brasi, ile shaba ya manjano ya vitasa na mifereji: 8.4 hadi 8.7
- Risasi: 11.3
- Dhahabu safi: 19.3

Cheki hiyo ya mwisho tena. Dhahabu inashinda chuma zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana wachimbaji huosha mchanga kwa karai: maji yanabeba mchanga, dhahabu inabaki chini kwa sababu haibebeki kirahisi. Wazee wetu Wasamia nao walikuwa wahunzi wa kutajika kabla mkoloni afike, wakiyeyusha mawe ya milima ya Samia kutengeneza majembe. Jiwe lenye chuma kingi unaweza kulishuku kwa mkono tu, kwa sababu linaweza kufika 5 wakati jirani yake ni 2.6.

Vile tulipima

Ijumaa asubuhi nilikopa skeli ya jirani mmoja anayeoka keki. Tukaweka kile kipande: gramu 252.

Sasa ujazo. Kitu kama tofali unaweza kupima kwa rula, urefu mara upana mara kimo. Lakini kipande kimejikunja kama viazi, rula itakusaidia nini? Hapo unatumia maji. Nikamwomba anko ile sirinji yake kubwa ya kudungia ng'ombe, tukatoa sindano.

"We kijana," akasema, "unataka kudunga dhahabu?"

Nikatia maji kwa glasi nyembamba, nikachora mstari na kalamu mahali maji yameishia. Nikashusha kile kipande kwa uzi mpaka kikazama chote. Maji yakapanda. Halafu nikaanza kufyonza maji na sirinji mpaka yakarudi kwa ule mstari. Yale maji nimetoa ndiyo nafasi ya kile kipande. Jumla: mililita 30.

Nikampa anko kalkuleta ya simu abonyeze mwenyewe.

252 ÷ 30 = 8.4.

Tukarudi kwa listi. 8.4 ni brasi, mifereji ya maji. Kama ingekuwa dhahabu safi, gramu 252 zingechukua mililita 13 pekee, si hata nusu ya ile nafasi. Ama tuseme saizi ni ile ile ya mililita 30, basi ingekuwa na gramu 579.

Anko akarudia kupima mara tatu. Mara ya tatu hakusema kitu, aliketi tu.

Halafu kuna hesabu nyingine haihitaji hata maji. Thao 180 kwa gramu 252 ni kama Sh714 kwa gramu. Dhahabu sokoni siku hizi inapita Sh10,000 kwa gramu. Nani atakuuzia kitu cha zaidi ya milioni mbili na nusu kwa laki moja na themanini, na hamjuani?

Lakini chunga hapa

Hii njia ni kali kwa kukataa kuliko kukubali. Ukipata 8, hiyo si dhahabu ya kukuomosha, mambo yaishe. Lakini ukipata 19, bado usirukeruke. Kuna madini inaitwa tangsteni yenye 19.25, na wakora wakubwa huificha ndani ya ganda la dhahabu. Tena dhahabu ghafi huchanganyika na fedha na mawe, kwa hivyo inaweza kusoma 15 ama 16 na bado iwe ya ukweli. Hapo peleka kwa mtaalamu. Na hakikisha hakuna mapovu ya hewa yameshikilia kipande kwa maji, yatakudanganya.

Na vitu vya maji je?

Hii ni rahisi zaidi. Pima chupa tupu. Ijaze maji mpaka mdomoni, pima tena, toa uzito wa chupa. Kwa vile gramu moja ya maji ni mililita moja, ushajua chupa inabeba ngapi. Mwaga, kausha, jaza kile kitu chako, pima tena.

Chupa yangu ya soda ilikuwa gramu 24 tupu na 544 ikiwa na maji. Kwa hivyo inabeba mililita 520. Na mafuta ya kupikia ilikuwa 502, yaani mafuta peke yake ni gramu 478. Gawanya kwa 520, unapata 0.92. Sawa kabisa.

Hii ina maana gani kwa mtu wa soko la Busia ama Malaba? Jerikani ya lita 20 ya mafuta ya kupikia haina kilo 20. Ina kilo 18.4. Mtu akikulipisha bei ya kilo 20, amekula kilo 1.6 zako akitabasamu.

Maziwa ndiyo magumu. Lita moja safi ni kama gramu 1,030. Moja kwa tano ikiwa maji, inashuka mpaka 1,024. Gramu sita tu! Skeli ya keki inaweza kukosa hiyo, ndiyo maana wanunuzi wa maziwa hutumia laktomita, kile kichupa kinachoelea na kusoma chenyewe.

Na wasee wa nduthi, petroli ya chupa usiiamini kwa densiti pekee. Petroli yenyewe hucheza kati ya 0.72 na 0.78, na joto likipanda inatanuka, densiti inashuka. Mafuta ya taa kidogo yanajificha humo vizuri. Ndiyo sababu serikali huweka alama za kemikali kwa mafuta, na mwaka wa 2018 ikaongeza ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida.

Jumamosi iliendaje?

Yule jamaa alipiga simu saa mbili asubuhi. Anko akamwambia pesa iko tayari, aje tu, lakini kwanza watapima pamoja kwa maji. Jamaa akasema yuko kwa bodaboda, anafika sasa hivi. Tukangoja mpaka saa kumi. Tangu hiyo siku ni mteja hapatikani.

Thao 20 zilienda hivyo. Thao 160 zilibaki, na binamu yangu aliripoti kozi kwa wakati. Kile kipande cha brasi sasa kinazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo, na anko hakubali mtu akitupe. Anasema ndicho kitu cha bei ghali zaidi kwa hiyo nyumba.