Chapuchapu: maana, asili na tofauti yake na "chop-chop" ya Kiingereza

Chapuchapu ni kielezi chenye maana ya "kwa haraka, bila kukawia". Katika mazungumzo ya mitaani hufupishwa kuwa chapchap au chap, na nchini Tanzania husikika pia chap kwa haraka. Kwa kuwa Kiingereza kina neno chop-chop, litumikalo kumhimiza mtu afanye upesi, ni rahisi kudhani kwamba neno la Kiswahili limetokana na hilo. Dhana hiyo haina msingi imara, na humpotosha mfasiri anayeyachukua maneno haya mawili kuwa sawa.

Matumizi

Mfano mzuri wa matumizi yake ni mji wa Morogoro, uitwao kwa mzaha "mji kasoro bahari", pamoja na Milima ya Uluguru iliyo juu yake. Katika stendi ya Msamvu, abiria huweza kuambiwa: "Ingieni chapchap, gari linaondoka!" Sokoni, mteja husema: "Nipimie chapuchapu, nimechelewa." Kwenye njia za mlimani, ambako watu hushuka mjini kwa miguu wakiwa na mizigo ya ndizi na mboga, kitenzi cha jamii hiyohiyo ndicho kifaacho: "Tuchapue miguu, mvua inakuja kutoka Bondwa." Kuchapua miguu si kukimbia, ni kuzidisha mwendo. Mwenye mzigo kichwani katika mteremko unaoteleza hawezi kukimbia, ila anaweza kuchapua miguu.

Asili ya neno la Kiswahili

Hoja tatu zinaonyesha kuwa chapuchapu ni zao la Kiswahili chenyewe.

Kwanza, neno hili lina jamaa zake. Kipo kitenzi chapua, yaani kuongeza kasi, pamoja na chapuka na chapusha. Katika istilahi za fizikia, mchapuko ni kuongezeka kwa kasi ya kitu. Mzizi unaozaa vitenzi na nomino kwa utaratibu huu hauhitaji kutafutiwa chanzo ng'ambo.

Pili, irabu hazilingani. Sauti o fupi ya Kiingereza, inapoingia katika Kiswahili, kwa kawaida hubaki o: boksi, soksi, ofisi, kopi. Kama chop-chop ingekopwa moja kwa moja, umbo la kutarajiwa lingekuwa chopuchopu, wala si chapuchapu.

Tatu, uradidi ni kanuni ya kawaida ya vielezi vya Kiswahili: haraka haraka, upesi upesi, hima hima, na kinyume chake, polepole. Kujirudia kwa neno, basi, si ushahidi wa mkopo.

Asili ya neno la Kiingereza

Chop-chop lilitoka katika pijini ya Kiingereza iliyotumiwa na wafanyabiashara katika bandari ya Canton, yaani Guangzhou ya leo, kusini mwa China. Limo katika maandishi ya Kiingereza tangu miaka ya 1830. Wataalamu hulihusisha na neno la Kikantoni lenye maana ya haraka, na sehemu ya kwanza ya chopsticks, jina la vijiti vya kulia chakula, huelezwa kwa chanzo hichohicho. Chop ya pijini za Afrika Magharibi, yenye maana ya "kula", ni neno jingine, na isichanganywe na hili.

Tahadhari kwa watafsiri

Tofauti kubwa kati ya maneno haya imo katika hadhi ya msemaji. Chop-chop aghalabu ni amri ya mkubwa kwa mdogo wake, na kwa masikio mengi ya leo ina harufu ya dharau. Chapuchapu ni kielezi tu, mtu huweza kukitumia hata kwa nafsi yake: "Nilikula chapuchapu nikaondoka." Mama anayewaambia jirani zake "Twendeni chapuchapu, jamani" hawaamrishi, bali anawahimiza kwa wema. Tafsiri itakayomtia chop-chop kinywani itamgeuza kuwa bwana mkubwa mbele ya wenzake.

Kosa hutokea upande wa pili pia. Bosi wa hadithi ya Kiingereza anapowakemea wafanyakazi kwa chop-chop, "chapuchapu" pekee hupoteza ukali wake. "Haya, upesi! Mbona mnazubaa?" huubeba vizuri zaidi.

Visawe na mitindo

Chapuchapu ni la mazungumzo. Chapchap na chap ni za mitaani zaidi, sawa na fasta, iliyokopwa kutoka Kiingereza. Katika maandishi rasmi hutumiwa haraka, kutoka neno la Kiarabu la maana ya mwendo, ambalo wingi wake umetupatia harakati. Au upesi, lenye uhusiano na -epesi. Hima, nayo ya asili ya Kiarabu, hubeba wazo la bidii na hufaa sana katika ushairi na hotuba.

Kwa mtu mzima, adabu hudai zaidi ya kuchagua kielezi. Kijana hamwambii mzee "Chap!", husema, "Mzee wangu, naomba tuharakishe kidogo."