Gari Linamisi Ukikanyaga Mafuta? Anza na Koili
Likiwa limesimama linanguruma vizuri tu, ila ukipanda Kitonga linaanza kukata-kata. Kwa nini? Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi zaidi huingia kwenye silinda, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi ili iruke pengo la plagi. Hapo ndipo koili iliyochoka inapoumbuka.

Usikimbilie kununua plagi zote nne. Mashine ikisoma P0303, silinda ya 3 ndiyo inayomisi. Badilishana koili yake na ya silinda ya 1, futa kodi, kapande tena mlima. Ikija P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, fanya hivyohivyo kwa plagi, halafu injekta.

Na usiliendeshe hivyo wiki nzima: petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega kwenye bomba la moshi, na bei ya masega unaijua.