Rubavu: Namba ya ajira ambayo mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuisoma

RUBAVU. Taasisi ya Takwimu ya Rwanda (NISR) hufanya utafiti wa nguvukazi kila robo mwaka, na matokeo yakitoka watu wengi huangalia namba moja tu, yaani kiwango cha ukosefu wa ajira. Kwa mfanyabiashara anayevusha nyanya, maziwa au vitunguu kwenda Goma, namba hiyo peke yake yaweza kumpotosha.

Sababu iko kwenye hesabu yenyewe. Asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, ameitafuta katika wiki nne zilizopita, na yuko tayari kuianza. Fundi wa Gisenyi aliyezunguka miezi sita bila kupata kitu, kisha akakata tamaa na kubaki nyumbani, hahesabiwi tena. Kiwango kinashuka, watu wanashangilia, na hakuna aliyeajiriwa.

Ndiyo maana wachumi wengi hupenda kipimo kingine: kati ya wanaume 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 54, wangapi wanafanya kazi? Umri huo wengi wamemaliza shule, hawajafikia pensheni, na wana familia za kulisha. Wakiwa wengi hawana kazi, ni vigumu kusema wamependa. Nchini Marekani, katika miaka ya 1950, wanaume wa umri huo waliokuwa kazini au wakitafuta kazi walikuwa kama 97 kwa kila 100. Miaka ya karibuni ni kama 89. Waliobaki hawaonekani kabisa kwenye kiwango cha ukosefu wa ajira, hata pale kinapokuwa chini.

Kwa mwenye kibanda sokoni, kipimo hiki kinamwambia habari za mteja. Mwanaume anayelipwa ananunua. Aliyekata tamaa anakopa.

Hata hivyo, hapa Rubavu kipimo hicho kinahitaji tahadhari tatu.

Ya kwanza ni shamba. Tangu mkutano wa wanatakwimu wa kazi uliofanyika Geneva mwaka 2013, anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani hahesabiwi kuwa ameajiriwa, hata akitoka jasho kutwa nzima. Rwanda inafuata utaratibu huo. Kwa hiyo, usilinganishe namba zake na za jirani kabla ya kujua jirani anahesabuje.

Ya pili ni saa. Aliyefanya kazi ya malipo au faida kwa saa moja tu katika wiki ya utafiti anahesabiwa yuko kazini. Juni 2022, baada ya mvutano wa Kigali na Kinshasa kupamba moto, mpaka wa Goma na Gisenyi ulianza kufungwa saa 9 alasiri. Msukuma mkokoteni wa Petite Barrière, au mlemavu anayebeba mizigo kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, alipoteza safari za jioni, lakini kwenye takwimu alibaki na kazi ileile. Pigo la namna hiyo hutafutwa kwenye jedwali la wanaofanya kazi chini ya saa 35 kwa wiki huku wakitaka zaidi.

Ya tatu ni wanawake. Biashara ndogo ya mpaka huu iko zaidi mikononi mwao. Ukiangalia wanaume peke yao, unaweza kuona utulivu wakati mama anayelisha nyumba amekwama kizuizini na beseni lake.

Mshtuko ukiwa mkubwa, hata kiwango cha kawaida hupiga kelele. Mpaka ulipofungwa kwa watu Machi 2020 kwa sababu ya Korona, ukosefu wa ajira Rwanda ulipanda kutoka asilimia 13.1 Februari hadi 22.1 Mei. Hatari iko kwenye mmomonyoko wa polepole: saa zinazopunguzwa, watu wanaoacha kutafuta.

Kwa hiyo, ripoti ijayo ikitoka, soma mistari mitatu kwa pamoja: wanaume walio kazini, wanawake walio kazini, na wanaofanya kazi kwa saa chache kuliko wanavyotaka. Mistari miwili ya kwanza ikishuka na wa tatu ukipanda, punguza mzigo wa mkopo kabla mteja hajaanza kukukwepa, hata kama kichwa cha habari kinasema ajira zimeongezeka.