Mgonjwa wa Saratani Anapokataa Chakula: Tumlazimishe au Tumwache?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Muulizaji wetu kutoka Pemba anaeleza kuwa mama yao anatibiwa saratani Dar es Salaam. Kila baada ya wiki tatu huvuka bahari kwenda kutiwa dawa, na akirudi chakula hakimshuki. Watoto wamegawanyika. Dada mkubwa humshikia kijiko mpaka mama analia. Kaka anasema imekuja katika hadithi kuwa wagonjwa wasilazimishwe kula, basi aachwe. Wa tatu amesoma kwenye simu kwamba sukari, nyama na maziwa ndivyo vinavyolisha saratani, akavipiga marufuku nyumbani. Na mama mwenyewe ameshasema Ramadhani hii atafunga, hata iweje.

Tuanze na hadithi. Ipo, ameipokea Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.), ingawa wapo wanavyuoni waliozungumzia sanadi yake. Maana yake ni kukataza kumlazimisha mgonjwa chakula na kinywaji. Haisemi asipikiwe, asibembelezwe wala asitafutiwe anachokiweza. Mtume (s.a.w.) huyohuyo ametuamrisha tujitibu, na Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza mgonjwa atengenezewe talbina, uji mwepesi wa unga wa shayiri, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo kaka ameshika nusu ya jambo, na dada ameshika nusu ya pili kwa mkono mzito.

Kwanza familia ifahamu kwa nini mama hali. Si ukaidi, wala tusikimbilie kusema ni jini au husda. Saratani yenyewe huuchafua mwili ukapoteza hamu ya kula na kuanza kula nyama yake wenyewe. Dawa za kutiwa mshipani, ambazo watu wamezoea kuziita kemo, hudhuru pia chembe za mdomoni na tumboni, na ndipo huja vidonda, kichefuchefu, kuharisha au kufunga choo, na ladha ya chuma mdomoni. Mionzi ya shingoni hukausha mate. Kila moja katika hayo ina dawa yake, basi daktari aambiwe kwa uwazi. Mgonjwa anayesema "sijambo" kwa kustahi, halafu akirudi nyumbani anatapika siku tatu, amejinyima haki yake. Kupungua uzito si jambo dogo: mwili ukidhoofika sana, daktari hulazimika kupunguza dawa au kuiahirisha.

Sasa jikoni. Sahani iliyojaa humtisha mgonjwa. Mpeni kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na chakula kizito zaidi kiwe saa anayojisikia vizuri, ambayo kwa wengi ni asubuhi. Kama amepewa vidonge vya kuzuia kutapika, avinywe kabla ya kula, kama alivyoelekezwa, asingoje mpaka atapike. Harufu ya samaki wa kukaanga na vitunguu ikimchafua, pikieni mbali naye na mpeni chakula kilichopoa, kwani cha moto hutoa harufu zaidi.

Kwa kuwa anakula kidogo, hicho kidogo kiwe na nguvu. Uji utiwe maziwa, siagi ya karanga au tui. Viazi vipondwe na yai lililoiva sawasawa. Boko boko letu ni chakula kizuri mno kwake: laini, kina ngano na nyama, hakitaki kutafunwa sana. Nyama ikimpa ladha ya chuma, mbadilishieni kwa samaki, kuku, mayai, choroko au kunde, na atumie kijiko cha plastiki. Ndimu na ukwaju huamsha ulimi, lakini si kwa mwenye vidonda mdomoni. Huyo pilipili na vitu vikali vitamuunguza. Asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, mara kadhaa kwa siku. Vinywaji anywe zaidi baina ya mlo na mlo, asije akajaza tumbo maji.

Ama huyu wa tatu na marufuku yake, namwomba aiondoe leo. Sukari hutumiwa na chembe zote za mwili, na hakuna uthibitisho kuwa kumnyima mgonjwa sukari au nyama kunaiua saratani. Kinachodhoofika ni mama. Mwenye kisukari ana hukumu yake, afuate alivyoambiwa na daktari.

Kuhusu habasoda, hadithi yake ni sahihi. Lakini dawa za asili zinaweza kugongana na dawa za hospitali ndani ya mwili, basi daktari aulizwe kabla. Na kombe, kwa wanaolitumia, maji yake yachemshwe na sahani iwe safi. Kinga ya mgonjwa wa kemo hushuka, na maji machafu yanaweza kumlaza. Kwa sababu hiyohiyo aepuke maziwa mabichi, kachumbari na vyakula vya njiani vilivyokaa wazi. Joto la mwili likifika nyuzi 38, apelekwe hospitali usiku huohuo, msingoje asubuhi.

Ramadhani: Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara. Daktari muaminifu akisema kufunga kutamdhuru, basi asifunge, na akihofiwa kuangamia ni haramu kwake kufunga. Akitarajiwa kupona atalipa baadaye, hata kama ni mwaka mwingine. Akikatiwa tamaa ya kuweza kufunga tena, atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku, kwa madhehebu yetu ya Shafi. Na akifariki kabla ya kupata nafasi ya kulipa, hana deni, wala warithi wake hawadaiwi. Mwambieni hayo kwa upole, kwani wazee wetu wengi hudhani kula mchana wa Ramadhani ni aibu hata kwa mgonjwa.

Imebaki hali moja. Madaktari wakisema matibabu yamefikia kikomo na mgonjwa yuko katika siku zake za mwisho, mwili wenyewe huacha kutaka chakula. Hapo kaka ndiye aliye sawa. Dada aweke kijiko chini, amloweshe midomo kwa pamba na maji, ampe tone la asali akilitaka, akae karibu naye.

Wallahu aalam.