Goti Lililovunjika: Likunjwe Mapema, Likanyagiwe kwa Subira



Majira ya baridi hutanda barafu njiani, na wazee wetu huteleza. Uzito wote ukishukia goti, huenda kikavunjika kichwa cha mfupa wa muundi, pale unapokutana na paja. Vijana nao huvunjika hapo katika ajali za gari. Jamaa hudhani dawa yake ni plasta, kitanda na uji. Sivyo.

Hapo ni kwenye kiungo. Mfupa ukibonyea, goti hupinda na kulika. Mwaka 1979 Dakta Joseph Schatzker wa Toronto na wenzake waligawa mivunjiko hii katika aina 6, na mgawanyo huo ungali ukitumika. Mfupa usiosogea huweza kupona bila kisu. Uliobonyea huinuliwa, pengo likajazwa mfupa wa kupandikiza, kisha ukashikwa kwa bamba la chuma na skrubu.

Mguu ukivimba sana, upasuaji huahirishwa, pengine wiki moja au mbili, kwani ngozi iliyovimba ikikatwa ni rahisi kuoza. Mgonjwa hajapuuzwa. Lakini maumivu yakizidi hata baada ya dawa, au mguu ukifa ganzi, mwiteni daktari papo hapo. Kuchelewa huweza kupoteza mguu.

Baada ya upasuaji, mtihani ni wa nyumbani. Kwa kawaida goti huanza kukunjwa mapema, lisije likakakamaa, lakini halibebeshwi uzito kwa wiki 6 hadi 12, kama daktari atakavyoagiza. Huruma ya kumlaza mgonjwa siku kutwa humdhuru, na haraka ya kutupa magongo humdhuru vilevile. Sigara nayo huchelewesha mfupa kuunga.

Matokeo yanatia moyo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotangazwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa miaka 10 baada ya upasuaji, wagonjwa 7.3 katika kila 100 walikuwa wamewekewa goti la bandia. Miongoni mwa watu wasiovunjika walikuwa 1.8.

Hata hivyo, kikao cha tahiyatu hutaka goti likunjike kabisa, na wengine hawakipati tena. Mzee asilie wala asijilazimishe. Mwenye udhuru ameruhusiwa kuswali ameketi, na swala yake ni kamili. Mwekeeni kiti safuni, na msimtazame kwa huruma.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.