Kura 21 za Magarini na malipo ya karani wa uchaguzi

Katika uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, kiti cha ubunge cha Magarini, kaunti ya Kilifi, kiliamuliwa kwa kura 21 tu. Harrison Kombe alitangazwa mshindi, mpinzani wake Stanley Kenga akaenda mahakamani, na Mei 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha kufutwa kwa uchaguzi huo. Tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna wa kuitisha uchaguzi wakati huo, kwa hiyo watu wa Marafa, Adu, Garashi na Gongoni walikaa mwaka mmoja na nusu bila mbunge hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025. Sisemi malipo ya makarani ndiyo yaliyoleta kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba ushindi unapokuwa mwembamba kiasi hicho, kalamu ya karani ina uzito mkubwa kuliko hotuba zote za kampeni, na anayeishika anastahili kulipwa kwa kadiri ya uzito huo.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini kazi inayohitaji umakini zaidi huanzia hapo. Katika uchaguzi mkuu kuna kura za aina sita. Kila karatasi huinuliwa mbele ya maajenti, alama yake hutazamwa, na ile yenye utata hubishaniwa hadi uamuzi upatikane. Msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A ya urais, 35A ya ubunge na nyinginezo, macho yakiwa mazito kwa usingizi na maajenti wakiwa wamemzunguka. Tarakimu ikikosewa hapo, kosa husafiri hadi kituo cha kujumlishia. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilionyesha jinsi makosa ya hesabu yalivyokuwa yameenea.

Je, nyongeza ya malipo kwa watu hawa ingegharimu kiasi gani? Mwaka 2022 IEBC ilihitaji wafanyakazi wa muda zaidi ya 400,000 kwa vituo 46,229. Tuchukue 400,000. Tukimwongeza kila mmoja shilingi 1,000 kwa siku, kwa siku tatu za kazi, jumla ni shilingi bilioni 1.2. Uchaguzi huo ulipangiwa takriban bilioni 40, kwa hiyo nyongeza ni kama asilimia 3. Si fedha kidogo. Lakini uchaguzi wa urais wa 2017 ulipofutwa, mlipa ushuru aligharamia mabilioni mengine ili kurudi debeni Oktoba 26, bila kuhesabu biashara zilizodorora.

Wapo wanaouliza kwa nini fedha hizo zisinunue dawa za zahanati za Ganze, pia huko Kilifi, au kuchimba visima Magarini. Swali hilo ni la haki, na ndiyo sababu nyongeza isitolewe kwa kuongeza bajeti pekee. Ianze kutafutwa ndani ya gharama za zabuni na mitambo, ambazo hujadiliwa kwa nadra kuliko posho ya karani. Wengine wanahofu kwamba malipo mazuri yatazidisha upendeleo, nafasi zigeuke za ndugu na marafiki. Hofu hiyo haizibwi kwa kulipa kidogo, kwa sababu kijana asiye na ajira hutafuta mlango hata wa kibarua kidogo. Huzibwa kwa mtihani wa wazi na orodha ya waliofaulu kubandikwa hadharani. Hoja ya tatu, kwamba uzalendo unatosha, ingekuwa na nguvu kama wabunge nao wangetumikia kwa uzalendo mtupu.

Fedha pekee hazimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Kwa hiyo nyongeza iambatane na masharti mawili: mafunzo marefu zaidi ya kuhesabu na kujaza fomu, na malipo kutolewa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Karani anayedai haki yake wiki kadhaa baada ya kura hatarudi tena, na uzoefu wake huondoka naye. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Bunge likisubiri hadi masanduku yaanze kusafirishwa, litakuwa limechelewa. Muda wa kuliweka jambo hili kwenye bajeti ni sasa.