Je, Wajua? Homoni ya Urefu na Vinyama vya Utumbo

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, ipo tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Moja kati ya homoni zake, homoni ya ukuaji, humkuza mtoto mpaka awe mtu mzima, na haikomi hapo: hata uzeeni bado inatoka kidogo kidogo.

Ikifika kwenye ini, hulichochea litoe homoni ya pili, IGF-1, ambayo husambaa mwilini kote na kuziamuru seli zigawanyike na zisife upesi. Mfupa wa mtoto unaihitaji amri hiyo. Utumbo mpana, hata hivyo, hubadilisha utando wake wa ndani kila baada ya siku chache, na seli mbovu sharti zife ziondoke. Zikichelewa kufa, kasoro zake hupata muda wa kurundikana.

Mwaka 1886 daktari Mfaransa Pierre Marie aliupa jina la akromegali ugonjwa wa watu wazima ambao viganja, nyayo na taya zao huendelea kukua. Karibu kila mara chanzo ni uvimbe wa pituitari usio wa saratani, unaomwaga homoni kupita kiasi. Pete haiingii tena, viatu vinabana, meno yanaachana. Kwa kuwa mabadiliko huja polepole, hata wa nyumbani hawayatambui, na miaka hupita. Inasikitisha, maana mwenye viganja vikubwa husifiwa au hutaniwa, lakini ni nadra kuambiwa akapime damu. Wakati huohuo utumbo wake mpana nao hurefuka, na ndani yake huota vinyama mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Vingi havidhuru, lakini aina iitwayo adenoma, ikiachwa miaka mingi, inaweza kugeuka saratani.

Kusini mwa Ecuador, katika milima ya Loja, mambo ni kinyume. Wapo watu wenye sindromu ya Laron, iliyoelezwa mwaka 1966 na Zvi Laron wa Israeli. Homoni ya ukuaji wanayo tele, ila kipokezi chake kina kasoro ya kurithi, basi ini haliisikii na IGF-1 hubaki chini mno. Ni wafupi sana. Daktari Jaime Guevara-Aguirre amewafuatilia kwa miongo, na mwaka 2011 yeye na Valter Longo walitangaza kwamba kati ya watu 99 walipata saratani moja tu, isiyoua. Kwa ndugu zao wasio na hali hiyo ilifikia asilimia 17. Wengi wa wenye sindromu hiyo hufa kwa sababu kama ajali na pombe, si kwa saratani.

Kwa sababu ya hatari ya vinyama hivyo, mwenye akromegali hushauriwa achunguzwe utumbo mpana kwa kamera, hasa akifika miaka 40. Kwa urefu wa utumbo huo, dawa ya kuusafisha huhitajika zaidi na daktari huchukua muda kuufikia mwisho wake. Kinyama kikionekana, hukatwa hapohapo.